Upara Si Mkosi

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo, na nimefanya kazi vijijini kwa zaidi ya miaka 20. Umri wangu ni miaka 47. Nina upara. Wengine husema kipara, ni kitu kilekile. Ulianza nilipokuwa na miaka 26, kwenye pembe za paji la uso. Leo nywele zimebaki pembeni na kisogoni tu.

Huenda unajiuliza, bwana shamba ana habari gani za nywele? Swali lako ni zuri. Mimi nafundisha nafasi za kupanda mahindi na namna ya kupambana na viwavijeshi. Lakini mara nyingi, tukimaliza kukagua shamba, mkulima hunivuta kando. Huniuliza kwa sauti ya chini, "Bwana shamba, na hili la nywele ulilifanyaje?" Wakulima waliponiuliza sana, nilikwenda kumwuliza mganga wa kituo chetu cha afya. Baadaye nilimwuliza na daktari wa ngozi. Haya ninayokueleza leo ndiyo niliyojifunza kwao na katika vitabu.

Neno langu ni moja. Nywele za mwanamume hupotea kwa sababu nyingi. Sababu moja ni urithi, na huo si ugonjwa. Sababu nyingine ni magonjwa, na mengi kati ya hayo yana dawa. Mtu asiyejua tofauti hupoteza fedha. Wakati mwingine hupoteza kitu kikubwa kuliko fedha.

Nywele huotaje?

Kila unywele huota ndani ya kifuko kidogo kilichomo katika ngozi. Kichwa cha mtu mzima kina nywele karibu 100,000. Unywele hukua kwa karibu sentimita 1 kila mwezi. Huendelea kukua kwa miaka kadhaa, kwa kawaida miaka 2 hadi 6. Kisha hupumzika kwa muda wa miezi kama 3. Baada ya hapo huanguka, na unywele mwingine huota katika kifuko kilekile.

Kwa hiyo kila siku mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100. Ukiziona kwenye kitana, usiogope. Tazama mwembe ulio nyumbani kwako. Kila siku majani machache huanguka, lakini kivuli kinabaki.

Taabu huanza nywele zinazoanguka zinapozidi zinazoota. Huanza pia kila unywele mpya unapokuwa mwembamba kuliko ule uliotangulia.

Upara wa kurithi

Upara wa wanaume walio wengi ni wa kurithi. Unatokea hivi. Mwili wa mwanamume hutengeneza kichocheo kiitwacho testosteroni. Ndicho kinacholeta sauti nzito na ndevu wakati wa kubalehe. Sehemu ya kichocheo hicho hugeuzwa mwilini kuwa kichocheo kingine chenye nguvu zaidi. Wataalamu hukiita DHT.

Kwa baadhi ya wanaume, vifuko vya utosini na vya juu ya paji la uso havivumilii DHT. Hunywea kidogo kidogo. Unywele unaotoka humo huwa mfupi na mwembamba, mpaka unafanana na kinyweleo cha mkono. Mwishowe hauonekani tena. Vifuko vya kisogoni na vya pembeni huvumilia. Ndiyo maana mwenye upara hubaki na nywele kuzunguka kichwa.

Ninyi wafugaji mtaelewa jambo hili upesi. Mnajua kuwa dume aliyehasiwa mapema hawi kama dume asiyehasiwa. Shingo yake na tabia yake huwa tofauti. Mwaka 1942 mtaalamu mmoja wa Marekani, James Hamilton, aliandika juu ya wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Aliona kuwa hawakupata upara. Baadhi yao walipopewa testosteroni, wale ambao ukoo wao ulikuwa na upara walianza kupoteza nywele. Wengine hawakupoteza. Hapo ikaonekana wazi kwamba mambo mawili hufanya kazi pamoja. La kwanza ni kichocheo cha kiume. La pili ni urithi.

Wako wanaosema kuwa mwenye upara ana nguvu za kiume kuliko wenzake. Si kweli. Kiasi cha kichocheo mwilini mwake ni cha kawaida. Tofauti iko kwenye vifuko vyake. Panda mbegu za aina mbili katika shamba moja. Mvua ni ileile, lakini aina moja itavumilia maji mengi na nyingine itaoza.

Tena upara haurithiwi kwa upande mmoja tu. Unaweza kutoka kwa baba, kwa mama, au kwa wote wawili. Baba yangu alizikwa na nywele zake zote. Aliyekuwa na upara ni babu yangu mzaa mama.

Kuvaa kofia hakuleti upara. Kuosha kichwa hakuleti upara. Kunyoa hakuleti upara. Kufikiri sana pia hakuleti upara wa namna hii.

Imani inayoua

Kuna uongo mwingine ambao haufai kuchekewa. Mwaka 2017, katika nchi jirani ya Msumbiji, wanaume wenye upara waliuawa. Mauaji hayo yalitokea mkoa wa Zambezia, wilaya ya Milange, karibu na mpaka wa Malawi. Polisi walitoa onyo kwa wanaume wote wenye upara wajihadhari. Wauaji walidanganywa kuwa kichwa chenye upara kina dhahabu, na kwamba viungo vya marehemu huleta utajiri.

Ndugu msomaji, usiseme hayo ni ya Msumbiji. Hapa kwetu Tanzania ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa uongo wa namna hiyohiyo. Bibi zetu wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Kila mara mwanzo ni uleule. Watu huona kitu mwilini mwa mwenzao, hawajui chanzo chake, na mjanja mmoja anawauzia maelezo.

Katika kichwa changu hamna dhahabu. Kama ingekuwamo, nisingekuwa napanda pikipiki ya kuazima kwenda kukagua mashamba. Watoto huniambia kwa utani, "Upara ni pesa." Mimi huwaita, nikawaeleza habari za kifuko cha unywele. Utani hauna ubaya. Lakini mtoto anayekua bila kuelezwa ukweli anaweza kuuamini uongo akiwa mtu mzima.

Nywele zinazopotea kwa ugonjwa

Sasa tuje kwenye upotevu wa nywele ambao ni ugonjwa. Mkulima mzuri akiona mahindi yamekuwa ya njano hakimbilii dukani. Huuliza kwanza. Je, ni upungufu wa mbolea? Je, ni maji yaliyotuama? Je, ni wadudu? Na kichwa ni hivyohivyo. Tazama kwanza nywele zinapotea mahali gani, zinapotea haraka kiasi gani, na ngozi iko namna gani.

Kwanza, fangasi. Huu ni ugonjwa wa mapunye. Huwapata watoto zaidi, lakini mtu mzima pia anaweza kuupata. Kichwa huwa na mabaka yenye magamba, na nywele hukatika. Huambukizwa kwa kuchangia vitana, kofia na mashine za kunyolea zisizosafishwa. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa sababu fangasi wameingia ndani ya unywele. Mgonjwa hupewa vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, na lazima avimalize.

Pili, mabaka ya mviringo. Mtu huamka akakuta sehemu kama sarafu haina nywele kabisa. Ngozi yake ni laini, haina magamba wala kidonda. Kijijini kwetu watu husema ameliwa na mdudu usiku. Hakuna mdudu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, imekosea ikashambulia vifuko vya nywele. Mara nyingi nywele hurudi zenyewe katika muda wa mwaka mmoja. Mabaka yakiongezeka, mwone daktari. Ziko dawa za kusaidia.

Tatu, nywele kupungua kichwa kizima. Hali hii hutokea miezi 2 au 3 baada ya homa kali, operesheni, kukonda ghafla au msiba mzito. Vifuko vingi huenda kupumzika kwa pamoja. Kwa kawaida nywele hurudi baada ya miezi kadhaa. Lakini upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi la shingo pia huweza kupunguza nywele. Kwa hiyo hali isipokwisha, kapime.

Nne, vipele vya kisogoni. Hivi huwapata sana wanaume weusi wanaonyolewa mpaka kwenye ngozi. Huanza kama vipele vidogo vinavyowasha. Visipotibiwa huwa makovu magumu yaliyovimba, na mahali pa kovu nywele hazioti tena. Mwambie kinyozi aache nywele fupi kidogo, asipitishe wembe kisogoni. Usivitumbue vipele. Nenda ukatibiwe mapema.

Tano, kaswende. Hapa naomba usome kwa makini.

Kijana mmoja wa miaka 29 alinifuata siku ya mnada. Akaniamkia, "Shikamoo, bwana shamba. Naona nakufuata." Nikamjibu, "Marahaba, mdogo wangu. Vua kofia nione." Kichwa chake hakikufanana na changu. Kilikuwa na mabaka mengi madogo yaliyotawanyika, kama blanketi lililoliwa na nondo. Hata nyusi zilikuwa zimepungua. Tena viganja vyake vilikuwa na madoadoa. Alikuwa amekwisha kununua chupa 6 za mafuta ya kuotesha nywele pale mnadani. Chupa moja ilikuwa shilingi 15,000. Jumla ni shilingi 90,000. Ilikuwa fedha ya mbolea ya kukuzia mahindi yake.

Mimi si mganga, na sikumtajia ugonjwa. Nilimwambia upara wa kurithi hauji kwa mabaka ya namna ile. Nilimwuliza habari za nyumbani. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi 4, na hajaanza kliniki. Nikamwambia, "Kesho nendeni wote wawili." Akasita. Nikamwambia tena kwamba sizungumzi habari ya nywele, nazungumza habari ya mtoto.

Walikwenda. Walipimwa damu, wote wakaonekana wana kaswende. Wote walichomwa sindano za penisilini. Mama mjamzito mwenye kaswende asipotibiwa, mimba inaweza kuharibika. Mtoto anaweza kuzaliwa amekufa, au akazaliwa na ugonjwa. Mtoto wa kijana yule alizaliwa salama, akachunguzwa na wauguzi, akaonekana mzima. Nywele za baba yake zilirudi miezi michache baada ya matibabu. Yeye mwenyewe aliniruhusu nikusimulie habari hii. Jina lake nimeliacha.

Je, unaona, ndugu msomaji? Mafuta yale hayakumla fedha tu. Yalikuwa yakimla wakati. Kila wiki aliyongoja nywele ziote, ugonjwa ulikuwa unakaa ndani ya nyumba yake.

Dawa za upara wa kurithi

Sasa utauliza, na huu upara wa kurithi hauna dawa? Zipo dawa mbili zilizothibitishwa kwa miaka mingi.

Ya kwanza huitwa minoxidil. Hapo awali ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu. Madaktari waliona wagonjwa wake wanaota nywele. Mwaka 1988 dawa ya kupaka kichwani iliruhusiwa Marekani kwa wanaume. Hupakwa kila siku, na matokeo huonekana baada ya miezi 4 au zaidi. Husaidia zaidi upara unapoanza. Kichwa kilichokaa miaka mingi bila nywele hakitarajii mengi.

Ya pili ni kidonge kiitwacho finasteride. Kiliruhusiwa Marekani kwa ajili ya upara mwaka 1997. Hupunguza ile DHT mwilini. Lazima kiandikwe na daktari, kwa sababu wanaume wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa wakikitumia. Mama mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, maana kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.

Dawa zote mbili zina sharti moja. Ukiacha kuzitumia, nywele ulizopata hupotea tena. Kwa hiyo kabla ya kuanza, piga hesabu. Je, fedha hiyo utaipata kila mwezi kwa miaka mingi? Karo ya watoto je? Hakuna anayekufa kwa upara. Kuziacha dawa hizo ni uamuzi wa haki kabisa, na ndio niliouchukua mimi.

Iko na njia ya kuhamisha nywele. Mwaka 1959 daktari Norman Orentreich wa New York aliandika kuwa nywele za kisogoni zikipandikizwa mbele huendelea kuota vilevile kama zilivyokuwa kisogoni. Ni kama kuhamisha mche. Ukiutoa kitaluni ukaupanda shambani, aina yake haibadiliki. Lakini kazi hiyo inataka daktari aliyefundishwa, na gharama yake ni kubwa.

Usijaribu dawa ya mifugo

Katika kazi yangu ninawafundisha wakulima kusoma lebo ya dawa ya mimea. Je, ina jina la dawa? Ina jina la kiwanda? Imesajiliwa? Tarehe ya kwisha ni lini? Fanya vivyo hivyo kwa dawa ya kichwa chako. Chupa isiyo na maandishi hayo usiinunue, hata kama muuzaji ana kipaza sauti kikubwa. Mtu akikuambia dawa yake inatibu upara, kisukari, nguvu za kiume na mkosi, shika mfuko wako uondoke.

Na hili nalisema kwa nguvu. Usipake kichwani dawa ya kuogeshea mifugo wala dawa ya kunyunyizia mimea. Katika kijiji kimoja nilikofanya kazi, mzazi alimpaka mtoto wake dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua mapunye. Sumu ilipita kwenye ngozi. Mtoto alitokwa na mate mengi, akatapika, akakimbizwa hospitali. Alipona, lakini ilikuwa bahati. Mapunye yale yangetibiwa kwa vidonge.

Kuishi na upara

Mwenye upara ana kazi moja ya kila siku. Ajikinge na jua. Ngozi ya utosi haikuzoea jua kali. Ukienda shambani vaa kofia pana ya ukili. Ukiona kidonda kichwani kisichopona kwa wiki kadhaa, nenda ukaonyeshe. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji kinga hii zaidi ya sisi wote, wawe na upara au wasiwe nao.

Usidhani huwezi kumpata mtu wa kukusaidia. Anza na zahanati yako. Ugonjwa ukiwashinda, watakuandikia barua uende mbele. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo kilichofundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992. Waliosoma pale wanafanya kazi Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika.

Basi, ndugu msomaji, kumbuka hivi. Nywele zikirudi nyuma polepole kwenye pembe za paji la uso au utosini, na ngozi ni safi, huo ni urithi. Chagua dawa ya kweli ukiweza, au uuache kama ulivyo. Lakini nywele zikipotea kwa mabaka, kwa ghafla, pamoja na magamba, maumivu, vipele, makovu, madoa ya viganja au kupungua kwa nyusi, usingoje siku ya mnada. Nenda zahanati, na mwenzako wa ndoa aende pia kama mganga atataka. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kofia huficha kichwa mbele za watu. Mbele ya mganga, ivue.